Nota Niliyoikwangua

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi Kigoma, mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya parokiani Katubuka, kijana mwenye sauti nzuri na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Tulikuwa na piano moja kuukuu iliyoachwa na wamisionari. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeila, na sisi tuliitumia zaidi kama rafu ya kuwekea vitabu vya nyimbo.

Asubuhi moja aliingia mzee wa Kirundi, aliyekuwa mwalimu wa muziki kwao kabla ya vita. Alikuwa amepewa kibali cha kutoka kambini kwa wiki sita ili atibiwe macho, akafikia kwa jamaa zake Buzebazeba. Alifungua kitenge, akatoa madaftari mawili. Ndani yake mlikuwa na vipande kumi na viwili vya piano, vya watunzi wa Ulaya wa zama zile walipoanza kumimina mapenzi na huzuni zao kwenye muziki bila haya. Daftari moja alilinakili yeye, la pili alilinakili mkewe, wote kutoka kitabu kimoja cha chuo. Kitabu kiliungua pamoja na chuo. Mkewe alifia njiani wakikimbia.

"Nataka nakala moja safi, ya kweli, ili wengine wapige vile ilivyoandikwa," aliniambia. "Macho yangu yanakwisha, mwana wanje," akaniita kwa Kirundi, mwanangu. "Niazime ya kwako."

Basi tukaanza. Nilisoma nota kwa sauti kutoka daftari lake, kisha kutoka la mkewe. Zikilingana, naandika. Zikitofautiana, naandika moja mahali pake na ya pili chini ya ukurasa, nikieleza imetoka daftari lipi. Hakuniruhusu kuchagua kwa sikio. Siku moja tulibishana nusu saa nzima juu ya nukta moja.

"Mzee, labda ni kinyesi cha nzi."

"Basi andika kwamba labda ni kinyesi cha nzi," akajibu, wala hakuwa anatania.

Nazikumbuka asubuhi zile mpaka moyo unaniuma. Kahawa ya Kalinzi ndani ya chupa ya chai, harufu ya dagaa walioanikwa ikipanda kutoka ufukweni, na kidole chake kikigonga mwendo juu ya meza. Sijawahi tena kufanya kazi kwa raha namna ile.

Lakini sisi walimu wa kwaya tulikuwa na desturi yetu. Wimbo ulitufikia umepita mikononi mwa wanakili kumi, na kila mwalimu alirekebisha alichoona kimeharibika. Wembe ndio uliokuwa kifutio chetu: unakwangua wino taratibu, unapuliza, unaandika nota iliyo sawa. Hakuna aliyeuliza.

Kwenye kipande cha tisa, daftari la mzee lilikuwa limelowa maji na wino umetapakaa. Lilibaki la mkewe tu. Hapo, mkono wa kushoto, palikuwa na nota iliyogombana na zile za juu yake. Niliipiga kwenye piano, ikanikera masikioni. Mzee siku hiyo alikuwa hospitali. Nilijiambia mama wa watu alipitiwa, nikachukua wembe, nikaikwangua humo humo daftarini mwake, nikaandika nota tamu, kisha nikainakili kwenye nakala safi.

Kesho yake, kama kawaida, alizipapasa kurasa za mkewe kabla hatujaanza. Kidole kikasimama.

"Hapa karatasi imekuwa nyembamba. Pana nini?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno, nikingoja anishukuru.

Akauliza polepole, "Ilikuwa nota gani?"

Sikukumbuka. Nilikumbuka tu kwamba ilikuwa mbaya.

Akajikokota hadi kwenye piano, akajaribu nota moja, akajaribu nyingine, ameinamisha kichwa. "Oya," alisema kila mara kwa Kirundi, yaani siyo. Akajaribu tena. "Kipande hiki alikipiga yeye. Mimi nilikuwa msikilizaji." Akashusha kifuniko cha piano. Nililia kama mtoto, na ni yeye aliyenishika bega, jambo lililonikata maini kuliko kama angenitukana.

"Futa hiyo yako," alisema. "Kwenye nakala acha nafasi. Chini andika kwamba mwandiko wa mke wangu ulikwanguliwa hapa, na nani alikwangua."

Tulimaliza siku mbili kabla ya kibali chake kwisha. Akarudi kambini na madaftari yake, nakala safi akaniachia nifundishie, na sikumwona tena.

Bado nafundisha kwa nakala ile. Wanafunzi wakifika kipande cha tisa huijaza ile nafasi kwa sikio, na wengine huijaza vizuri sana. Mimi huwasimamisha. Nawaambia pale palikuwa na sauti ya mtu, na mtu wa mwisho kuiona ni mimi.