Kodi ya Rosaire Thibodeau

Simu ya hospitali ilimkuta Clémence akikanda unga, asubuhi moja ya Januari. Kaka yake Rosaire amefariki, moyo umesimama. Akapiga ishara ya msalaba kwa mikono yenye unga. Mezani ilikuwapo barua: shauri la kodi la Rosaire lingesikilizwa kwa simu baada ya siku tisa.

Miaka minne Rosaire alikagua madai ya bima jikoni mwao, katika mji mdogo wa New Hampshire, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Lakini kampuni yake ilikuwa katika jimbo la jirani, mwendo wa saa tatu kwa gari, nayo ilimkata kodi ya huko kana kwamba aliingia ofisini kila siku. Alipodai arudishiwe, akatakiwa athibitishe alifanyia kazi wapi.

"Si pesa tu, dada," Rosaire alikuwa akimwambia Clémence. "Naonekana mwongo ndani ya nyumba yangu."

Clémence akaomba kusimama badala ya marehemu, akakubaliwa.

"Mama, una ushahidi gani kwamba hakuwa ofisini?" afisa wa kodi wa jimbo lile akauliza kwa simu, siku ya shauri.

"Kengele ya kanisa. Kila siku ya kazi, saa sita mchana, alivuka barabara akaipiga, akatia sahihi daftarini."

"Daftari linaweza kuandikwa hata jana, mama."

Jirani yao Odilon, mwoka mikate, akaisogelea simu. "Bwana mkubwa, mimi hutoa maharage ya kuoka tanurini kwa kengele ile. Siku tatu tu haikulia. Yakaungua, mji mzima ukanicheka. Unadhani nimezisahau?"

"Siku hizo alikuwa wapi?"

"Kwenu huko, mikutanoni," Clémence akajibu. "Ameziandika mwenyewe daftarini. Kodi ya siku hizo ni haki yenu, chukueni."

Afisa akaziandika siku hizo. "Ni nadra mtu kutuonyesha anachodaiwa."

Barua ilifika Aprili. Rosaire ameshinda: kodi yote irudishwe, isipokuwa ya siku tatu. Odilon akaleta pai ya nyama.

"Amewabwaga akiwa ndani ya jeneza, mkaidi yule," akasema, na Clémence akacheka mpaka machozi. Kisha akamshukuru Mungu.

Majira ya baridi ardhi ya kule huwa jiwe, na maiti husubiri katika chumba cha makaburini mpaka ardhi ilainike. Rosaire alizikwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Padri alisali. Clémence aliisoma barua kwa sauti, yote, akaikunja na kuiweka juu ya jeneza. Wakalishusha. Kila mtu akatupa udongo wake, wakaondoka.