Kerneli ya Bodi Kuukuu

Kwamba radi ndiyo iliyoiunguza kompyuta ya shule yetu Kitale, niliambiwa, sikuwapo. Nilichokiona mwenyewe ni bodi kuu ya kompyuta iliyobabuka, na watahiniwa wa kidato cha nne wamesimama mlangoni. Miradi yao ya mtihani ilikuwa ndani ya diski yake, bila nakala nyingine, na ilitakiwa Ijumaa. Diski hiyo ya zamani ilisomeka kupitia kadi yake ya kuiunganisha na bodi tu, na kadi haikuingia katika mashine yoyote mpya.

Fundi wa Bungoma alinipatia bodi kuukuu iliyoipokea kadi. Kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, iliyokuwa katika diski ilihitaji prosesa mpya zaidi, alinitengenezea nyingine katika flopi, diski ndogo ya kuchomeka.

"Umechagua prosesa ipi?" nilimuuliza.

"586, mwalimu. Aliyeniuzia aliapa."

"Wewe umeisoma?"

"Ai, mwalimu! Si nimekwambia aliapa? Hata kanisani hatuulizwi hivi."

Niliporudi Kitale, skrini iliandika mstari mmoja, ikaganda. Diski ilikwaruza. Niling'oa feni, nikafuta vumbi kwa shati langu, nikasoma maandishi ya prosesa: 486, kizazi kilichotangulia 586. Nikarudi Bungoma.

Flopi ya pili iliitambua prosesa, kisha ikadai kwamba hakuna diski. Mkwaruzo uliongezeka. Fundi alikuwa ameiacha programu ya kadi nje ya kerneli, kama moduli, yaani faili ya kupakiwa baadaye, na moduli yenyewe ilikaa ndani ya diski ileile tuliyotaka kuifungua.

"Umefungia ufunguo sandukuni," nilimwambia niliporudi tena Bungoma.

"Lakini mwalimu, watu wote wanaweka hivyo."

"Watu gani?"

Akaivuta kibodi. Safari hiyo niliketi kando yake, nikasoma kila chaguo kabla hajalipitisha. Programu ya kadi iliingia ndani ya kerneli.

Ijumaa asubuhi flopi ya tatu iliwasha mashine. Majina ya watahiniwa yakajipanga kwenye skrini, nao nyuma yangu wakashangilia. Niliwaamuru wanyamaze, nilikuwa nikiisikiliza diski. Nilianza kunakili miradi kwenye flopi tupu. Mradi wa kwanza, wa msichana aliyeorodhesha maziwa ya wakulima wa Endebess, ulipita. Katika wa pili diski iligonga mara kadhaa, ikanyamaza, isiamke tena.

Nimesikia mengi kuhusu namna wale wengine, ambao miradi yao ilipotea, walivyosahihishwa. Mimi niliufungua ule mmoja kutoka kwenye flopi, nikausoma hadi mwisho. Ulikuwa mzima.