Daftari Lililomhamisha Jirani

Jirani yetu wa Itetemia alihama kwa sababu ya hadithi niliyoiandika mimi, nikiwa darasa la sita.

Sijawahi kumwambia mtu. Ila mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinijia na riwaya ya kutisha: mji mdogo, watu wanapotea, kila mmoja anamshuku mwenzake. "Shangazi, soma hii, utalala na taa," akanitania. Nilisoma kurasa mbili, nikamrudishia.

Basi, rafiki yangu, turudi nyuma. Mvua zilipokaribia, jirani alituita barazani kwake tumsaidie kumenya karanga za mbegu. Ujira wetu ulikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, ikitoka jikoni bado inafuka moshi. Alikuwa mjane. Miaka mingi alichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku huko Usoke, na moshi ule ulimwachia macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Bibi yangu alituambia hivyo waziwazi. Nilijua.

Hata hivyo, daftarini niliandika habari za mwanamke mwenye macho mekundu anayeficha watoto chini ya sakafu. Jina nilibadilisha. Macho yake, kikohozi chake na mlango wa bluu wa nyumba yake niliviacha, kwa sababu vilitisha vizuri. Daftari lilizunguka chini ya madawati mpaka likaachia pini. "We, soma haraka, tuko foleni," walinong'onezana. Mwalimu alilikamata, akalisoma lote, akanirudishia akicheka: "Wewe utafika mbali." Kichwa kikanivimba.

Wiki hiyohiyo msichana wa darasa letu alikwenda kuchuma uyoga porini, upande wa Ntalikwa, asirudi. Watoto wakautaja mlango wa bluu. Wazazi walipouliza wamejuaje, wakajibu, "Imeandikwa." Watu wazima wakaridhika na neno hilo. Hakuna aliyeomba kuliona daftari. Wakaingia kwa jirani na sururu, wakavunja sakafu. Hawakukuta kitu.

Kesho yake warina asali walimleta msichana, mzima, alipotea njia tu. Lakini hakuna aliyerudi kuziba lile shimo. Barazani kwake hatukutumwa tena. "Macho yale hayakuja bure," walisema.

Asubuhi aliyoondoka nilikutana naye akielekea stesheni, godoro likiwa juu ya baiskeli ya kukodi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe unajua kusoma. Hebu niambie, wameandika nini juu yangu?"

"Sijui, bibi."

Siku hizi pale kwake pana nyumba mpya yenye geti, na karanga za mbegu tunanunua zikiwa zimemenywa. Kazi yangu sasa ni kuuliza watu maswali, na nimekwenda Usoke mara mbili kumuulizia. Mama anayeuza ndizi stesheni ya huko analikumbuka godoro, jembe limefungwa juu yake, likishushwa kwenye treni. Lilikaa pale siku tatu. Mwenye godoro, anasema, hakumwona akishuka.