Pikapu ya Nyuma ya Besi Yangu

Kwa mwezi mzima nilipiga besi ambayo waumini waliisikia tumboni tu, si masikioni. Pikapu ya nyuma ilikuwa imekufa.

Kwa asiyejua, pikapu ni kile kipande chembamba chenye sumaku na waya uliozungushwa mara nyingi, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa na kusikiliza zinavyotikisika ili amplifaya ipate cha kusema. Gitaa langu lina mbili. Ya mbele hutoa uzito, ya nyuma hutoa matamshi. Kanisani kwetu Kambi Muru, chini ya mabati, nikiwa na ya mbele peke yake, nilinguruma kama friji kuukuu.

Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye hupiga kinanda, alivumilia Jumapili nne. Ya nne akaniita pembeni.

"Mathe, mimi nakuheshimu," alianza, akiniita mama kama kwaya nzima inavyoniita, na nikajua yanayokuja si mazuri. "Lakini Jumapili ijayo kama hiyo kitu haijapona, besi nitapiga na mkono wa kushoto hapa kwa kinanda. Wewe utarudi kuimba."

"Kuimba? Si sauti yangu unaijua?"

"Naijua. Ndio maana nakuombea hiyo gitaa ipone."

Tulicheka, lakini moyo wangu haukucheka. Kinanda kikishachukua besi hakiirudishi. Nimeona makanisa ambayo gitaa limeegemezwa ukutani mpaka nyuzi zikashika kutu, na aliyekuwa akilipiga anapiga makofi kama wengine. Mimi nilijifunza besi nikiwa na miaka thelathini na minane, kwa vidole vilivyozoea cherehani. Sikuwa tayari kupiga makofi.

Kawangware, upande wa kuelekea Satellite, kuna fundi wa redio, mzee wa Kitui, ambaye kibanda chake kimejaa vitu vilivyokata roho. Juu ya rafu yake palikuwa na gitaa la besi lililovunjika shingo.

"Sijawahi kutengeneza gitaa, mama," aliniambia huku akinitolea pikapu yake. "Hii niliachiwa nitoe waya. Jaribu. Ikikataa, rudi tuulizane."

Ijumaa asubuhi niliweka kitambaa mezani, nikalegeza nyuzi na kufungua skrubu. Nikwambie jambo moja kama unaogopa kazi hii: ndani ya gitaa la besi hakuna maajabu. Kuna waya chache, kila mmoja una kwao. Pikapu mpya ilizidi shimo kwa unene wa njiti ya kiberiti, kwa hiyo nilikwangua mbao kwa kisu, polepole, nikijaribu na kukwangua tena, maana mbao ukishaitoa huirudishi. Chini yake niliweka sponji ya godoro ili isukumwe juu, karibu na nyuzi. Kisha nikalehemu. Ile ya zamani ilikuwa na waya mweupe na mweusi. Mpya nayo mweupe na mweusi. Mweupe nikaurudisha penye mweupe, mweusi penye mweusi. Nani angefanya tofauti?

Jumamosi asubuhi tulikuwa na mazoezi. Nilifungua kitufe cha sauti cha pikapu ya mbele peke yake: inanguruma. Nikaifunga, nikafungua ya nyuma peke yake: kali, safi, ila nyepesi. Nikatabasamu, nikafungua zote mbili.

Besi ikatoweka. Kilichobaki kilikuwa kisauti chembamba, kama redio ndogo ndani ya sufuria. Waimbaji wa sauti ya nne, wanaonitegemea kupata noti yao, waligeuka wote kunitazama.

"Mathe, hiyo sasa ni ukulele," mmoja alisema.

Mwalimu wa kwaya alishusha mkono wa kushoto kwenye kinanda na kupiga besi ya wimbo mzima, vizuri kabisa. Hilo liliniuma kuliko kejeli.

Nilibeba gitaa mgongoni, nikaenda Kawangware kwa miguu. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Moja peke yake inalia?"

"Inalia."

"Na ingine peke yake?"

"Inalia."

"Pamoja zinanyamaza?" Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Mama, hiyo ni ugonjwa ya spika! Watu wananiletea kila siku. Moja inasukuma, ingine inavuta."

Fikiria watu wawili na mkokoteni mmoja, wa kwanza anasukuma akiwa nyuma, wa pili anasukuma akiwa mbele. Wote wanatoka jasho, mkokoteni hausogei. Pikapu zangu zilikuwa hivyo hivyo.

Alitoa mita yake ya zamani, ile yenye mshale, akaiunganisha na ncha ya waya wa gitaa. Kisha akanipa bisibisi. "Gusa ile ya mbele na hiyo chuma, halafu uitoe haraka."

Nikagusa, nikatoa. Mshale ukaruka kulia.

"Sasa ya nyuma."

Mshale ukaruka kushoto.

Tulirudia mara tatu, si kwa shaka bali kwa raha. Aliyetengeneza pikapu ile alikuwa na mpango wake wa rangi, na mimi niliamini rangi badala ya kupima. Fundi alinisukumia chuma cha kulehemu. "Fanya wewe. Gitaa ni yako." Nikabadilisha waya mbili tu za ile ya nyuma: mweupe penye mweusi, mweusi penye mweupe. Nikagusa tena. Kulia. Na ya mbele? Kulia.

"Wameelewana!" akapaza sauti, na muuza viazi wa jirani akauliza ni kina nani.

Jumapili nilifika mapema na kufungua zote mbili. Wimbo wa kuingilia ulipoanza, mwalimu wa kwaya alikuwa na mikono yote miwili kwenye kinanda, tayari. Nilipiga noti ya kwanza. Ilitoka nzito na inayotamka, kila noti na jina lake. Sauti ya nne ikaikamata na kuingia bila kutazama nyuma. Kufikia ubeti wa pili mkono wa kushoto wa mwalimu ulikuwa umepumzika gotini, na kichwa chake kikiitikia.

Kabla ya kiitikio aliniinamia. "Mathe, punguza kidogo. Mabati yanatetemeka."

"Yaache," nikamwambia, "nayo yanaimba." Nikaongeza.