Siku Nilipomtaja Jirani

Nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mwaka huu kumalizia mfungo, na kwa kweli, rafiki yangu, nilichokiona msikitini kiliniuma. Bamama walipangwa mstari, kila mmoja na mfuko wa unga kifuani, wapigwe picha ili watoaji wajue zaka imefika. Mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Akaambiwa, "Mama, funua uso, hii picha watoaji watakatala." Nikatoka nje.

Zamani zaka ya fitri ilipitia kwa nyanya yangu. Kila nyumba ilileta unga wa muhogo, wote wakiona unavyoingia. Unavyotoka hakuna aliyeona. Alfajiri ya Idi tulipita nyuma ya nyumba, katikati ya harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, tukikuta kitunga kitupu kimeachwa kwenye ukuta wa jiko la mwenye haja. Nyanya alimimina, tukaondoka bila hata hodi. Baraka hiyo, ambako kupita bila kusalimu ni ugomvi! "Njaa itapita," alikuwa akisema, "aibu inabakia."

Idi moja yakazuka maneno kwamba anakula zaka. Wazee wa msikiti wakamwita mbele ya watu. "Mama, unga iliendaka wapi?"

"Mungu anajua, na mwenye kuila anajua."

Wakasema basi watamtangaza mwizi kabla ya swala. Ee Mungu wangu, nilikuwa na miaka tisa, nyanya ndiye alikuwa dunia yangu yote. Nikapiga kelele, "Tulipeleka kwa jirani, mama wa bitenge!"

Naye alikuwa palepale. Alivaa vizuri kuliko wote, na hakuna aliyejua kwamba tangu mtumbwi wa mumewe uzame, biashara yake ya vitenge ilikuwa imekufa. "Kumbe hata yule!" watu wakanong'ona. Nyanya akaachiwa. Hakunipiga. Alisema tu, "Umenitoa mimi, umemuingiza yeye."

Idi iliyofuata kitunga cha jirani hakikuwepo. Nyanya, kwa mara ya kwanza, akapiga hodi.

"Sisi tulishaka kula, mama," jirani akajibu bila kufungua. "Peleka kwa benye njaa."

Mafiga yake yalikuwa baridi. Ndani mtoto alianza kulia, akazibwa mdomo.

Sisemi watu wasiulize, amana huulizwa. Lakini zile alfajiri za nyuma ya nyumba zimekwisha, na ya kwanza kufa niliiua mimi, kwa kumpenda nyanya yangu.