Mzee wa Kiti cha Kushoto

Ningetaka kukutungia hadithi, ningekutungia inayoeleweka. Mzimu ungekuwa mzimu, mtu angekuwa mtu, na ukimaliza ungelala usingizi wako. Hii haikupangika hivyo. Ilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa tatu asubuhi ya Jumanne, na mpaka leo nikiisimulia nafika katikati nachanganyikiwa upya. Usiponiamini sitakulaumu. Ila nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo nataka ulishike.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na sasa naishi Fairfield, hapa Sydney, na binti yangu Neema. Miaka mitatu nilifanya kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hadi mgongo ukakataa. Ndipo nikapata kazi kwenye karakana moja ya boti kule Villawood, kwa bosi Mvietnam aitwaye Tuan. Kazi yenyewe ilikuwa mpira wa maji, sabuni na kitambaa. Boti zikitoka mtoni zimechafuka, mimi nazirudisha ziking'aa.

Na boti zenyewe usizifikirie zile unazozijua. Hizi wenyewe huziita bass boat, kwa jina la samaki wanayemfuata. Ni fupi kwa kimo, zimechongoka mbele, zimepakwa rangi ya kumetameta kama kucha za bibi harusi, na nyuma zimefungwa mashine yenye nguvu za farasi mia mbili na hamsini. Zinakwenda kilomita mia na kumi kwa saa, juu ya maji. Kisa? Kuwahi samaki. Na huyo samaki akishavuliwa anapigwa picha, anapigwa busu, anarudishwa mtoni. Mimi nilicheka wiki nzima nilipoambiwa. Kwetu ziwani ukimrudisha samaki majini watu wanakuitia wazazi wako.

Lakini nilizipenda. Nakuambia ukweli, nilizipenda kuliko nilivyowahi kupenda chombo chochote. Tuan akaliona hilo, akanilipia mafunzo ya leseni, kisha akaanza kunifundisha mwenyewe kwenye Mto Hawkesbury. Alitaka mtu wa kujaribu boti kabla ya kumkabidhi mteja, mtu asiye na haraka ya kujionyesha. Akaniambia siku nitakayoweza kuishika boti kwenye kasi yake ya juu kabisa, nitaweka mpira wa maji chini na sitaushika tena.

Tatizo lilikuwa hapo hapo, kwenye kasi ya juu. Boti ikifika huko, karibu mwili wote unatoka majini, unabaki umekalia kipande kidogo cha nyuma, kama sinia lililosimamishwa kwenye kidole. Basi inaanza kuyumba. Kulia, kushoto, kulia, na kila mara inazidi. Ukiogopa ukatoa mguu ghafla kwenye mafuta, pua inaanguka, boti inageuka, na wewe unaendelea na safari peke yako. Mimi nilikuwa natoa mguu. Kila mara. Mara mbili Tuan aliushika usukani kutoka kiti cha kushoto akatuokoa.

Kuna kitu kimoja zaidi lazima ukijue. Karibu na usukani kuna swichi, na kwenye swichi kunachomekwa kamba nyekundu ya msokoto, kama ile ya simu za zamani za mezani. Ncha ya pili inafungwa kwenye jaketi la kuelea la anayeendesha. Dereva akirushwa majini, kamba inachomoka, mashine inazimika papo hapo. Tuan aliniambia jambo hilo pengine mara ishirini. Anayeendesha ndiye anayefungwa.

Jumanne hiyo alisema hatapanda. Angesimama ukingoni anirekodi kwa simu. Niende mpaka kwenye kona ya mto na kurudi, bila kutoa mguu kwa woga. Tukashusha boti majini, akaniachia niishike kwenye gati dogo la mbao, yeye akaondoka na gari kwenda kuegesha trela huko juu. Mto ulikuwa umetulia. Nikainama kukunja kamba ya kufungia boti, na nilipoinuka kulikuwa na mzee amesimama gatini.

Mtu mweusi, mnene, tumbo la heshima. Kofia ya kahawia, koti la Jumapili, viatu vimepigwa rangi.

"Mama Neema," akasema, "habari ya siku mingi?"

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mtu anakujua mpaka jina la mtoto, na wewe humkumbuki hata kidogo. Nikapekua kichwani haraka. Ni mzee wa kanisa? Tulikutana kwenye ile harusi ya Campbelltown? Kiswahili chake kilikuwa cha Wakongo, na sisi hapa hatuko wengi, wote tumeshakula pilau katika kumbi zile zile. Kumwambia mzee wa watu "samahani, kwani wewe ni nani?" sikuweza. Nikafanya unachofanya wewe pia, usikatae. Nikacheka meno yote nje, nikasema shikamoo Mzee, nyumbani hawajambo?

Hakusema marahaba. Alisema aksanti, wako tu. Akakitazama kiti cha kushoto kilichokuwa wazi, akauliza kama namwacha.

Nikadhani ni mteja wa Tuan. Au ni rafiki yake, sijui. Nikampa mkono, akashuka ndani. Mtu mwenye tumbo lile akikanyaga boti, boti huinama. Ile haikuinama. Niliona, naapa niliona, nikaipita hivi hivi, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa inatafuta jina lake.

Nikatoa jaketi la akiba nikamvalisha. Mikanda haikutosha, nikailegeza mpaka mwisho ndipo ikafunga, vifungo vyote vitatu. Tumbo lake nililigusa. Lilikuwa na joto. Kisha nikaishika ile kamba nyekundu nifunge kwenye jaketi langu, na hapo nikafanya kosa ambalo Tuan mpaka leo halielewi. Niliona haya. Kamba ya usalama ni moja, mzee ameketi hana, mimi kijana wake nijifunge? Aliyenilea hakunilea hivyo. Nikamfunga yeye.

"Na wewe, mama?" akauliza.

Nikamjibu mimi nina usukani wa kushikilia. Akaiangalia kamba ile kifuani pake kwa muda, kisha akasema taratibu, "Ile siku hakuna mutu alinifunga."

Siku ipi? Sikuuliza. Nilijua nikiuliza itabainika kwamba simjui.

Tukaondoka. Tuan alikuwa ameshateremka ukingoni, nikampungia mkono, akanipungia. Nikakanyaga mafuta. Pua ikapanda, ikashuka, tukakaa juu ya maji, nikabonyeza kitufe cha kuinua mashine kidogo kidogo kama nilivyofundishwa. Themanini. Tisini. Kitambaa changu cha kichwa kikang'oka kikaenda zake. Nikamtupia jicho mzee: kofia yake ilikuwa pale pale, haitikisiki, na kola ya koti imelala. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, wazee wa zamani walijua kuvaa kofia.

Kwenye mia na tano boti ikaanza. Kulia, kushoto, kulia. Mguu wangu ukaanza kuinuka wenyewe.

"Usitoshe mguu," akasema, yaani nisiutoe. Hakupaza sauti. Kwa makelele yale ya mashine na upepo, nilimsikia kama tumekaa sebuleni. "Iko inacheza tu. Usipigane naye. Akienda kushoto, umungoje, umurudishe kidogo. Kidogo sana. Vile vile."

Nikamngoja. Nikamrudisha kidogo. Akaja kulia, nikamngoja, nikamrudisha. Na ghafla mkono wangu ukaelewa, kabla ya kichwa. Boti ikatulia tuli, mia na kumi, kana kwamba haiendi popote na ni mto ndio unaopita chini yetu. Sijawahi kufurahi vile tangu nije nchi hii. Machozi yalinitoka, yakaenda masikioni. Nikageuka kushoto anisifu.

Mashine ikazimika.

Kiti kilikuwa kitupu. Boti ikakaa majini kwa kishindo, nikajigonga kifua kwenye usukani, kisha kukawa kimya. Kamba nyekundu haikuwepo kwenye swichi. Nikaelewa jambo moja tu: nimemwangusha mzee wa watu mtoni.

Nikasimama kumwita. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli, kwa maana nilifungua mdomo nikakuta sina cha kuita. "Mzee!" nikaita. "Mzee!" Mto mzima, miamba, miti, nikaita cheo. Kulikuwa na mzungu mmoja na mkewe kwenye mitumbwi yao midogo ya kasia, wakaja mbio kunisaidia, wakauliza tumwite nani. Nikawaambia waite Mzee. Basi wakaita na wao, kwa lafudhi yao, wakizunguka huku na huku, na mimi nalia.

Jaketi tulilipata. Lilikuwa linaelea nyuma, kama hatua mia. Vifungo vyote vitatu vimefungwa, mikanda imelegezwa mpaka mwisho, kamba nyekundu ingali kifuani. Ndani yake hakuna mtu.

Polisi walifika na boti yao. Askari mwanamke akaniuliza ni nani aliyeanguka, nikasema mjomba wangu. Sikudanganya, kwetu mzee yeyote ni mjomba. Akaandika. Akauliza jina la mjomba. Nikasema sijui. Anaishi wapi? Sijui. Alifikaje hapa? Sijui. Kalamu yake ikasimama, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Wakanipima pombe. Hamna. Wapiga mbizi wakaingia majini siku hiyo mpaka jioni, na siku ya pili yake. Hawakupata hata kofia.

Na mambo yakazidi kuchanganyika. Pale juu palikuwa na magari mawili tu, letu na la wale wa mitumbwi, na hakuna basi linalofika huko. Hakuna aliyeripoti kupotelewa. Tuan akaapa kwamba alipokuwa anaegesha trela hakupishana na mtu, na nilipoondoka gatini nilikuwa peke yangu. Akatuonyesha video yake. Kweli, naonekana mimi. Nimegeukia kushoto, naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Kwenye kiti cha kushoto kuna jaketi tu, limefungwa kamba, limekaa wima, limejaa. Kisha kona inatuficha.

Tuan anasema ni upepo uliolijaza, na upepo huo huo ukalipeperusha, kamba ikachomoka. Yule askari alikubaliana naye, akaniambia kwa upole nimwone daktari. Daktari akaniuliza kuhusu usingizi, kuhusu kambi, kuhusu nani wangu alikufa maji. Sina aliyekufa maji. Wangu wote walikufa nchi kavu.

Labda ni upepo. Ningependa uwe upepo. Lakini mikanda ile niliilegeza kwa ajili ya tumbo la nani? Na kama alikuja kunisaidia, mbona aliniacha na mzigo huu? Nimeuliza kila niwezaye kumuuliza, Wakongo, Warundi, Watanzania, Fairfield mpaka Campbelltown. Mzee mnene, kofia ya kahawia. Kila mtu anauliza, mzee wa nani? Nikimweleza Neema, ananiuliza kwa Kiingereza kama kawaida yake nilimpakiaje mtu nisiyemjua. Namwambia alilijua jina lako. Siku hizi akisikia hivyo anainuka na kwenda chumbani.

Kazi niliipata. Mpira wa maji sijaushika tena, na Tuan mwenyewe anakiri kwamba hakuna anayeishika boti ile kwenye kasi ya juu kama mimi. Mkono haujasahau. Ila ikishatulia, pale kwenye mia na kumi, sigeuki kushoto. Hata awe amekaa mteja ananisemesha, sigeuki.

Mwezi wa kuombea marehemu ulipofika, tuligawiwa karatasi kanisani za kuandika majina ya watu wetu. Nikaishika kalamu mpaka misa ikaisha. Nikimwandika, huenda namzika mtu aliye hai, amekaa mahali na koti lake. Nisipomwandika, labda yuko kule chini na hakuna amwombeaye, na kuna watoto wake wanaoshangaa simu haiiti. Na hata ningeamua, ningeandika nini? Mahali pa jina niliacha wazi. Katekista akanirudishia, akidhani nimesahau.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nakuomba. Mtu akikusalimia kwa jina lako, hata akiwa na mvi kichwa kizima, hata akikuongelesha kwa lugha ya kwenu katika nchi ya watu, muulize lake. Utaona aibu kidogo, naye atakasirika kidogo, yataisha. Muulize kabla hajakanyaga boti yako, au gari lako, au mlango wako. Kwa sababu akikudondokea njiani, utamwita nani?