Makofi ya Mkutano wa Umeme

Mkutano ukiisha kwa makofi bila swali hata moja, mimi machale hunicheza. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Tunatoka Kigali alfajiri, mimi, dereva na mhandisi mgeni asiyejua Kinyarwanda wala Kiswahili, tunakwenda miji midogo ya mashambani kuwaeleza watu kwamba nyaya za umeme mkubwa zitapita kwao. Kote ni yale yale: wanakaa kwenye nyasi, wanasikiliza, wanapiga makofi. Mhandisi hufurahi. Mimi nilikulia Tanzania, ambako mkutano usio na mbishi si mkutano, na niliona wazi kwamba hawatuamini hata chembe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nami sikumwamini mhandisi. Nyumba zilizo chini ya waya zingehamishwa, za pembeni zingebaki. Kila nilipouliza pembeni huanzia wapi, alitabasamu tu.

Siku moja, makofi yalipokwisha, mama mmoja alisimama na kibuyu cha pombe ya mtama. Akanyonya kwanza kwa mrija, kama ilivyo desturi ya huko: anayekukaribisha huonja mbele yako, ujue hakuna sumu. Kisha akampa mhandisi, naye akanywa huku akicheka. Mama akanigeukia mimi. Alikuwa amekulia Burundi, akanisemesha Kiswahili.

"Mie nimeonja," alisema. "Sasa na nyie muonje. Nyumba yangu munasema iko pembeni, itabaki. Wewe, mwanangu, unaweza lala pale na watoto yako?"

Nilikuwa nimeelekezwa cha kujibu: hakuna hatari, mama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini hakuuliza habari za hatari, aliniuliza mimi, na mkutano mzima ulikuwa unanitazama. Niliona haya. Nilikasirika pia, sijui nilimkasirikia nani.

"Siwezi, mama," nikasema, kisha nikarudia swali lake na jibu langu kwa Kinyarwanda ili wote waelewe.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkono mmoja uliinuka huko nyuma, ukafuatwa na mwingine, na punde watu wengi walikuwa wanataka kuuliza. Mhandisi, kibuyu kikiwa bado mkononi, akataka kujua nimewaambia nini. Nikamtafsiria neno kwa neno.

Jioni ile gari la mhandisi liliondoka bila mimi, nikarudi Kigali kwa basi.